Kalamu Mbili za Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee. Walitakiwa kurudi na masimulizi ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kabla kizazi kilichoviona hakijamalizika. Waliokuwa nyuma ya mradi huo ni mhadhiri wa historia John Iliffe na Gilbert Gwassa, ambaye alikuwa akiandaa tasnifu ya uzamivu kuhusu vita hivyo hivyo. Mlimani hapo hapo, yaani kwenye eneo la chuo hicho, kijana wa Kilwa aliyekuwa akisoma sanaa za maonyesho, Ebrahim Hussein, naye alikuwa akilishughulikia jambo lile lile kwa njia yake. Tamthilia yake, *Kinjeketile*, ilichapishwa 1969. Tasnifu ya Gwassa ilikamilika 1973.

Wanafunzi wawili, chuo kimoja, na mganga mmoja wa Ngarambe, Kinjeketile Ngwale, aliyewaahidi watu kwamba maji yatazishinda risasi. Mmoja aliandika taaluma, mwenzake akaandika sanaa. Sijui mfano bora kuliko huu wa kufafanulia swali ambalo wanafunzi wa fasihi huulizana kila mwaka, tena kwa uchungu: unapoandika hadithi, shairi au mchezo wa kuigiza ukiwa chuoni, unafanya kazi ya chuo au unaiba muda wa chuo? Na kwa nini insha ya kurasa kumi kuhusu riwaya ya mtu mwingine inapewa alama, na riwaya yako mwenyewe haipewi kitu?

Msimamo wangu niuseme mapema. Katika Afrika Mashariki, uandishi wa kubuni wa wanafunzi na utafiti wao umekuwa ukizaana tangu vyuo vyenyewe vilipoanza. Anayesoma upande mmoja tu atashindwa kueleza hata huo anaousoma. Lakini kuzaana hakuna maana kwamba ni kitu kimoja, na mkanganyiko mwingi unatokana na kutojua vinapotengana.

Mahali ambapo njia zinaachana

Kwa mujibu wa kumbukumbu za kihistoria, Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vilikuwa bado vichanga. Ilikuwa mwishoni mwa Julai tu ambapo Wamatumbi walianza kung'oa pamba ya mashamba ya kulazimishwa. Mapigano makubwa, likiwamo shambulio la boma la Mahenge mwishoni mwa Agosti, yalitokea yeye akiwa keshakufa.

Kwenye tamthilia, Kinjeketile yu hai baada ya watu wake kushindwa. Amekamatwa, amefungwa, na anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anaona kuwa akikiri, watoto na wajukuu wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana, na neno hilo litawafunga kuliko minyororo iliyomfunga yeye.

Mwanafunzi wa historia akipanga matukio hivyo, msimamizi wake atamrudishia sura nzima, na atakuwa amefanya haki. Hussein alikuwa na rukhsa, na katika utangulizi wake alieleza waziwazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni zao la ubunifu, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Wengi huishia hapo: mtunzi ana uhuru, mtafiti hana. Kwangu maelezo hayo hayatoshi. Uhuru wa Hussein ulikuwa na kazi maalumu. Swali lililobeba mchezo mzima ni hili: kiongozi hufanya nini pale neno alilolizaa mwenyewe linapokua na kumzidi nguvu? Swali hilo haliwezi kuulizwa jukwaani ikiwa mwenye neno ananyongwa kabla neno halijajaribiwa vitani. Kwa hiyo mtunzi aliisogeza tarehe ya kifo ili swali lipate kusimama. Angeisogeza kwa kutaka msisimko tu, tungekuwa na haki ya kumlaumu. Utunzi nao una ukali wake, ila hautumii mizani ya tanbihi na marejeleo.

Mtafiti anafungwa na kamba tofauti. Kila anachosema lazima mtu mwingine aweze kukifuata hadi kilikotoka: mzee gani alisema, kijiji gani, lini, na je, mzee wa kijiji cha pili alisema hivyo hivyo? Akikuta wawili wanapingana, hana ruhusa ya kuchagua anayempendeza. Lazima aonyeshe huo upinzani na aeleze kwa nini anaegemea upande mmoja. Ndiyo maana kazi ya utafiti hubaki hai kwa kusahihishwa. Picha iliyotolewa na wanafunzi na walimu wa Mlimani miaka ile, ya vita vya umoja vilivyoyaunganisha makabila chini ya imani moja, imeulizwa maswali mengi na wanahistoria waliofuata. Thaddeus Sunseri, kwa mfano, ameonyesha jinsi hali ya kisiasa baada ya uhuru ilivyochangia kuamua nini kiulizwe vijijini na nini kiachwe. Hilo halimvunjii Gwassa heshima. Ni ushahidi kwamba kazi yake ilikuwa taaluma kwelikweli, maana inaweza kupimwa na kupingwa kwa hoja.

Tamthilia haisahihishwi hivyo. Hakuna mtafiti anayeweza kuvumbua waraka Berlin ukaifanya *Kinjeketile* iwe batili. Inaweza kuchosha, inaweza kuchezwa vibaya, inaweza kusahauliwa, kukanushwa haiwezi.

Tazama pia zilikofika kazi hizo mbili. Tamthilia iliingia madarasani na ikasomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari Tanzania na Kenya. Tasnifu ilikaa kwenye rafu za maktaba, wataalamu wakiinukuu, hadi ilipochapishwa kama kitabu huko Köln, Ujerumani, mwaka 2005, wakati wa kuadhimisha miaka mia moja ya vita. Wanahistoria wengi huandika jina la yule mganga Kinjikitile. Watu wa kawaida, na hata magazeti, humwita kama mwandishi wa tamthilia alivyomwita. Jina la mtu katika kumbukumbu ya taifa limefuata kalamu ya mwanafunzi wa maonyesho.

Kwa nini alama ziende upande mmoja

Mwanafunzi aliyewahi kufungua tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili anaijua safari yake: ithibati ya msimamizi, tamko na hakimiliki, shukurani, tabaruku, ikisiri. Kisha sura ya kwanza na usuli wa tatizo, tatizo la utafiti, malengo, maswali. Kisha mapitio ya maandiko, ambamo lazima litafutwe lile linaloitwa pengo, yaani kitu ambacho waliotangulia hawakukisema. Halafu mkabala wa nadharia, mbinu, data, uchambuzi, mapendekezo. Wengi huukariri mpangilio huu kama dua bila kuuliza umewekwa kwa ajili ya nani.

Umewekwa kwa ajili ya mtu asiyekujua. Tasnifu husomwa na mtahini wa nje, ambaye huenda hajawahi kukuona. Anahitaji kuona umetoka wapi, umepita wapi, umefikaje, na kama mwingine angepita njia hiyo angefika hapo hapo. Riwaya haina njia ya namna hiyo. Wasomaji wawili makini wanaweza kuisoma riwaya ile ile, mmoja akaiona ni kazi kubwa na mwingine akaiona ni maneno matupu, na wote wawili wakawa na sababu. Chuo kinachotoa shahada kwa jina la umma kinaogopa kuweka muhuri juu ya kitu ambacho hakina kipimo cha pamoja. Hofu hiyo ina msingi, na si sahihi kuiita dharau.

Tatizo ni kwamba hofu hiyo imekuwa ikiwapoteza watu. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokwenda Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1964, alikwenda kufanya utafiti kuhusu fasihi ya Karibiani, hasa George Lamming. Tasnifu hakuimaliza. Alirudi na *A Grain of Wheat*, iliyotoka 1967. Kwa daftari la chuo, huyo ni mwanafunzi ambaye hakukamilisha. Kwa fasihi ya Afrika, hiyo ni moja ya riwaya muhimu kabisa za karne iliyopita, na yeyote aliyemsoma Lamming ataona kwamba ule utafiti haukupotea: umeingia kwenye namna riwaya inavyosimulia kwa sauti za watu wengi, ikirudi nyuma na kwenda mbele.

Wengine walishalitafutia tatizo hili dawa. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilianza kukubali kazi za kubuni kwa shahada za juu mwaka 1922, na warsha yake ya waandishi ilianzishwa 1936. Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha East Anglia kilifungua shahada ya umahiri ya uandishi wa kubuni mwaka 1970. Kwa uzamivu, utaratibu uliozoeleka siku hizi ni mwanafunzi kuwasilisha vitu viwili vinavyokwenda pamoja: riwaya au diwani yenyewe, na insha ndefu ya kihakiki inayoeleza swali alilokuwa akilishughulikia, waandishi anaojibizana nao, na kwa nini alichagua umbo lile. Sehemu ya pili ndiyo inayompa mtahini pa kushika.

Kwetu, baadhi ya idara zina kozi za uandishi wa kubuni kwenye shahada ya kwanza, na wanafunzi wa sanaa za maonyesho hupimwa kwa maonyesho yao jukwaani. Kwenye shahada za juu za fasihi ya Kiswahili, hata hivyo, anayetaka kuandika riwaya bado huandika tasnifu kuhusu riwaya ya mwingine mchana, na yake usiku. Nadhani utaratibu wa kazi mbili kwa pamoja ungetufaa, na historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba tumekuwa tukiufanya bila kuupa jina.

Ushairi uliolazimisha uhakiki

Hapa ndipo penye utajiri, na nitakaa kidogo.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kanuni za kutunga mashairi, na kanuni hizo zikawa kama katiba. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti, kila mshororo una mizani, yaani silabi, kumi na sita zilizogawanyika nane kwa nane, na kila kipande huishia kwa kina chake, yaani silabi ya mwisho inayorudiwa. Nikitunga mshororo mmoja hapa hapa kwa mfano: *Kalamu nimeishika, mwalimu nisikilize.* Hesabu: ka-la-mu-ni-me-i-shi-ka, nane, mwa-li-mu-ni-si-ki-li-ze, nane. Kina cha kati ni *ka*, cha mwisho ni *ze*, na mishororo mingine ya ubeti itanilazimu nivifuate. Masikio ya mtu wa pwani aliyelelewa kwenye tungo husikia kasoro ya mizani moja papo hapo, maana shairi kwake huimbwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Mlimani walianza kutunga mashairi yasiyofuata kanuni hizo. Ebrahim Hussein alikuwa miongoni mwao. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, vijana waliokuwa ndiyo kwanza wameingia miaka ya ishirini, walitoa *Mashairi ya Kisasa* mwaka 1973. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*. Kukazuka mgogoro ambao kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hutahiniwa juu yake hadi leo. Washairi wa jadi walisema hizo si tungo, ni nathari iliyokatwakatwa. Wengine waliona hapa dharau ya wasomi wa bara kwa sanaa ya watu wa pwani.

Vitabu vya shule mara nyingi huusimulia mgogoro huu kama ugomvi wa wazee na vijana, na vijana wakashinda. Simulizi hiyo inawaonea wanajadi. Walikuwa wakilinda ufundi wenye karne kadhaa, ufundi wa Mwana Kupona na Muyaka, na walikuwa na sababu ya kuhofia kwamba chuo, kwa nguvu ya vyeti vyake, kingeamua shairi ni nini bila kuwauliza wenye shairi. Nina imani kwamba mashairi huru yamekipa Kiswahili kitu ambacho hakikuwa nacho, hasa njia ya kuandika wasiwasi wa mtu mmoja aliye peke yake. Lakini hoja ya wanajadi kama Shihabuddin Chiraghdin na wenzake haijafa kwa sababu wapinzani wao waliingia kwenye mtaala.

Kilicho muhimu kwa mada yetu ni hiki: watunzi wale vijana hawakuweza kuandika mashairi yao na kunyamaza. Kwa kuwa walikuwa wamevunja kanuni, walidaiwa sababu. Wakaandika dibaji za kujitetea, kisha makala, kisha vitabu vya nadharia. Kezilahabi aliitumia dibaji ya *Kichomi* kueleza kwamba alitaka ushairi uzungumze kwa lugha ya watu wa kila siku. Mulokozi na Kahigi walirudi na *Kunga za Ushairi*, kitabu ambacho ni uhakiki na diwani ndani ya jalada moja. Angalia umbo hilo: nusu mashairi, nusu maelezo ya mashairi. Ndilo lile lile ambalo vyuo vya Ulaya na Marekani vinalidai leo kwa shahada. Maswali yaliyofuata, ya kama vina na mizani ni uti wa mgongo wa ushairi au ni pambo lake, yakawa mada za tasnifu za watu wengine. Sehemu nzuri ya taaluma ya ushairi wa Kiswahili inayofundishwa vyuoni ilizaliwa kwa sababu wanafunzi kadhaa walitunga kwanza na kueleza baadaye.

Taaluma hiyo isingewezekana bila darasa la kuisemea. Farouk Topan ndiye aliyeanza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili chuoni hapo mwaka 1968, na Idara ya Kiswahili ikaanzishwa 1970. Kabla ya hapo mwanafunzi aliyetaka kuhakiki utenzi angelazimika kuuhakiki kwa Kiingereza, kwa msamiati uliokatwa kwa ajili ya tungo za watu wengine.

Kezilahabi mwenyewe anastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu maisha yake ya uanafunzi ni marefu na yana pande zote mbili. Alizaliwa Ukerewe 1944 na kuhitimu shahada ya kwanza Dar es Salaam mwaka 1970. *Rosa Mistika* ilitoka 1971, ikazua kelele kwa namna ilivyozungumzia mimba, utoaji mimba na walimu wanaowaharibu wasichana. Ikapigwa marufuku mashuleni, na miaka baadaye ikarudishwa kama kitabu cha kiada. Zikafuata *Kichwamaji* mwaka 1974 na *Dunia Uwanja wa Fujo* mwaka 1975. Ni mwaka 1976 ndipo alipopata shahada ya umahiri, kwa tasnifu kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Yaani mtu mwenye riwaya tatu na diwani moja sokoni alikuwa bado mwanafunzi anayeandika mapitio ya maandiko.

Kisha akaenda Marekani, na mwaka 1985 akamaliza uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Humo alihoji namna nadharia za Magharibi zinavyoikabili kazi ya Kiafrika kama kitu cha kupasuliwa. Baada ya hapo zikaja *Nagona* na *Mzingile*, vitabu vyembamba, vigumu, visivyo na visa vya kawaida, vilivyowachanganya wasomaji waliomzoea. Ukivisoma bila kujua tasnifu ile, utadhani mwandishi amepotea. Ukiijua, unaona kwamba yale aliyoyasema kwa hoja mwaka 1985 sasa anayatenda: anamnyima msomaji nafasi ya kusimama nje ya hadithi na kuipasua. Utafiti wa mwanafunzi umegeuka kuwa umbo la riwaya. Hapo taaluma ndiyo iliyozaa sanaa, kinyume cha ilivyokuwa kwenye ushairi.

Maandishi yasiyo na alama

Kuna kundi la tatu ambalo mjadala huu hulisahau: majarida ya wanafunzi. Makerere walikuwa na *Penpoint* tangu 1958, Dar es Salaam wakaanzisha *Darlite* mwaka 1966, Nairobi wakawa na *Nexus*. Humo hadithi fupi ilikaa ukurasa wa jirani na tahakiki, na aliyeandika hii mara nyingi ndiye aliyeandika ile. Ngũgĩ amesimulia jinsi alivyomsimamisha Jonathan Kariara, aliyekuwa akishughulika na *Penpoint*, akamwambia ana hadithi ya kuchapisha ilhali alikuwa hajaandika hata mstari. Baada ya hapo hakuwa na njia isipokuwa kwenda kuiandika. Hadithi ikatoka 1960. Miaka miwili baadaye tamthilia yake ilichezwa kwenye ukumbi wa taifa Kampala, na rasimu za riwaya zake mbili za mwanzo zote aliziandika akiwa pale Makerere. Baadaye majarida hayo yalibadilishwa majina kuwa *Dhana*, *Umma* na *Busara*. Majina yakawa ya Kiswahili, maandishi yakaendelea kwa sehemu kubwa kuwa ya Kiingereza.

Kwa upande wa taaluma, hakuna mfano mkali kuliko *Cheche*. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969 Mlimani, chini ya USARF, jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi ambayo Yoweri Museveni aliwahi kuwa mwenyekiti wake, pamoja na tawi la vijana wa TANU la pale chuoni. Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji walikuwa katika uhariri. Jarida lilichapwa kwa stensili na mashine ya kurudufu. Kwa kijana ambaye hajaiona mashine hiyo: unapiga taipu juu ya karatasi yenye nta, herufi zinatoboa nta, unaifunga karatasi hiyo kwenye silinda yenye wino na kuizungusha, ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Kosa la herufi halifutiki kirahisi. Kisha kurasa hupangwa kwa mkono mezani na kubanwa pini. Mtu anayeandika namna hiyo hufikiri mara mbili kabla ya kuongeza aya.

Septemba 1970 *Cheche* ilitoa toleo maalumu lenye maandishi ya mtu mmoja, Issa Shivji, kijana wa sheria mwenye miaka 24, kuhusu mapambano ya kitabaka ya chinichini nchini Tanzania. Hoja yake ilikuwa kwamba kutaifisha mashirika hakukutosha kuondoa utegemezi, na kwamba tabaka jipya lilikuwa likijijenga ndani ya dola yenyewe. Hakuna mtihani uliomtaka aandike hayo. Novemba mwaka huo jarida na USARF vilipigwa marufuku, kwa maelezo kwamba umoja wa vijana wa chama ulitosha. Maandishi yale yalitoka kama kitabu 1973, na mjadala wake ukaingia kwenye taaluma ya siasa ya Afrika nzima. Wenzake wakaanzisha jarida jingine, *MajiMaji*.

Nikiyaweka haya pamoja naona jambo ambalo kanuni za mitihani haziwezi kulionyesha. Kazi zilizodumu ziliandikwa pale ambapo mwanafunzi alikuwa na msomaji zaidi ya mwalimu wake. Msomaji huyo alimlazimisha Hussein afikirie jukwaa, akamlazimisha Shivji aandike kwa uwazi, akawalazimisha washairi wajieleze. Alama peke yake humfundisha mtu kumwandikia mtu mmoja ambaye tayari anajua jibu.

Nani mwenye maandishi, na yanakaa wapi

Suala la hakimiliki huwachanganya wengi, nalo ni jepesi kuliko linavyoonekana. Hadithi au shairi ulilotunga ni lako tangu ulipoliandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 haikudai kwanza ulichapishe. Tasnifu ni tofauti kidogo. Ukifungua kurasa za mbele za tasnifu ya Dar es Salaam utaona tamko kwamba kazi inalindwa na Mkataba wa Berne na sheria hiyo, na kwamba ruhusa ya kuitoa upya, zaidi ya vipande vifupi vya utafiti au usomaji binafsi, hutolewa na mamlaka ya masomo ya juu kwa niaba ya mwandishi na chuo, wote wawili. Kwa hiyo ukitaka kuchukua masimulizi uliyoyakusanya kwa ajili ya tasnifu na kuyafanyia riwaya, hadithi uliyoibuni ni yako, lakini wazee waliokusimulia walikubali jambo moja mahususi. Rudi ukawaombe tena. Mtafiti huwataja watoa taarifa au huwaficha kwa makubaliano; mtunzi anaweza kumwanika mtu kijijini kwake bila hata kutaja jina.

Kuiba kazi pia kuna sura mbili. Kwenye tasnifu, kuchukua wazo bila kulitaja ni kosa hata ukibadilisha maneno yote. Kwenye ushairi, kumjibu malenga mwingine kwa kutumia kituo chake, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, ni desturi ya heshima, na wasomaji wanatarajiwa kutambua bila tanbihi. Mwanafunzi anayevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kujua tofauti hii hujiingiza kwenye matatizo asiyoyastahili.

Milango ya kuchapisha imeongezeka. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutoa washindi mwaka 2023. Hakuna anayeuliza una shahada gani.

Linalonisumbua ni uhifadhi. Tasnifu ina hakika ya kuwekwa: nakala inakwenda maktaba, siku hizi na faili lake kwenye hazina ya mtandaoni. Jarida la wanafunzi halina sheria inayolibeba. *Cheche* tunaijua vizuri kwa sababu Hirji na wenzake waliandika kumbukumbu zao na kuzitoa kama kitabu mwaka 2010, miaka arobaini baadaye. Majarida mangapi ya vyama vya Kiswahili, mangapi ya mashairi yaliyosomwa kwenye makongamano ya wanafunzi, yamebaki kwenye simu na diski za watu waliokwisha kuhitimu? Maktaba ya Mlimani ina kitengo cha East Africana, ambako tasnifu na machapisho ya kanda hii huwekwa. Idara ikiwataka wanafunzi wake wapeleke pale nakala mbili za kila toleo wanalolitoa, lenye mashairi na tahakiki pamoja, gharama yake ni karatasi na nauli ya kushuka maktaba, na mtafiti atakayetaka kujua kizazi hiki kiliandika nini kabla ya kupata shahada atakuwa na pa kuanzia.